Usisome fomu ya kuondoka, soma rosta

Ukitaka kujua kwa nini manesi wanaacha kazi usihangaike na fomu zao za kuondoka. Pale kwenye sababu watu wanaandika "mambo ya kifamilia" au "kujiendeleza kimasomo", wanasaini, wanarudisha kitambulisho na ufunguo wa kabati, imeisha hiyo. Nani ataandika ukweli wakati bado anahitaji barua nzuri ya kumpeleka aendako? Ukweli unausikia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mtu anavua viatu huku anaongea peke yake, na mara nyingi hauhusu wagonjwa kabisa. Hauhusu damu, matapishi wala kifo, vitu ambavyo walioko nje wanadhani ndivyo vinatushinda. Unahusu rosta, ile karatasi ya kupanga zamu.

Nimekaa wodini miaka mingi, kwanza kama nesi wa kupangwa, baadaye nikapewa uinchaji, yaani usimamizi wa wodi, nikawa mimi ndio napanga wenzangu, kwa hiyo hiyo karatasi naijua mbele na nyuma. Nikiulizwa leo kitu gani kiguswe kwanza ili watu wasiondoke, sitasema sare mpya wala hotuba za tarehe 12 Mei, siku ya manesi duniani, pale tunapoitwa malaika kuanzia asubuhi mpaka saa sita halafu mchana tunarudi wodini tuko wawili. Nitasema namna kazi inavyopangwa. Nani yuko zamu lini, ana wagonjwa wangapi, nani anaamua, na kati ya saa zake za kazi ni ngapi anazitumia kwenye unesi wenyewe.

Chukua rosta ya mwezi ya wodi yoyote ya kawaida. Majina upande wa kushoto, tarehe juu, na ndani ya viboksi herufi moja moja za asubuhi, jioni, naiti na ofu. Siku inabandikwa ukutani inapendeza kweli. Rudi uitazame wiki ya tatu: wino mweupe umefuta hapa, mshale umevutwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, mtu aliyekuwa na ofu Alhamisi kawekewa naiti kwa kalamu nyekundu na hakuna aliyemuuliza, ameikuta tu imeshabadilika alipokuja kazini Jumatano. Alikuwa ameshapanga kumpeleka mtoto kliniki, au alikuwa amepanga kulala tu, ambayo nayo ni mipango. Sasa anapiga simu kwa dada yake, kwa jirani, kwa mama mkwe, na kila simu inamtoa kidogo kidogo kwenye hii kazi.

Na hili siyo jambo geni ambalo dunia haijalifikiria. Mwaka 1977 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa wauguzi, namba 149, na pendekezo lake namba 157 likasema kabisa kwamba nesi aijue ratiba yake mapema vya kutosha ili apange maisha yake na ya familia, na kati ya zamu na zamu apumzike walau saa 12 mfululizo. 1977 hiyo. Kuna mainchaji wanapanga rosta leo hawakuwa wamezaliwa.

Sasa angalia ile zamu tunayoijua wote, unatoka jioni unaingia asubuhi. Kwenye karatasi umetoka saa tatu usiku na unaanza saa moja asubuhi, mtu wa ofisini anaona saa 10 za mapumziko, anaona ni nyingi tu. Ila saa tatu ndio kwanza unaanza kukabidhi, na kukabidhi siyo kusema "wote wako salama", unapita kitanda kwa kitanda, huyu dripu inaisha saa tano, huyu damu yake imepelekwa maabara majibu bado, huyu ndugu zake wamepigiwa wanakuja usiku, na ukishamaliza unakumbuka hukuandika chati ya yule wa pembeni kabisa, unarudi unakaa unaandika. Unatoka saa nne inakaribia. Usafiri, kuoga, mwili bado una moto na kichwa kinarudia rudia kama ulifunga ile oksijeni, usingizi unakuja saa saba. Saa kumi na moja alamu. Hizo saa 10 za ofisini zimekuwa nne za kitandani, halafu asubuhi hiyo hiyo unapewa sindano za watoto ukokotoe dozi kwa uzito. Sheria ya saa za kazi ya Umoja wa Ulaya inataka saa 11 za mapumziko kila siku, na hata huko manesi wanalalamika kwamba zinapindishwa.

Zamu za saa 12 nazo zina wapenzi wake, nawaelewa vizuri sana, unafanya siku chache unabaki na siku nyingi nyumbani, na mwenye nyumba mbali na kazi anaokoa nauli. Ila utafiti wa manesi wa Marekani uliotoka 2004, ambao manesi walikuwa wanaandika wenyewe kila siku saa walizofanya na makosa waliyofanya au kuponea chupuchupu kuyafanya, ulikuta uwezekano wa kukosea unakuwa mara 3 zaidi zamu ikifika saa 12 na nusu au kuzidi. Angalia hiyo nusu saa. Kwetu hakuna anayepangiwa saa 12 na nusu, ni ile 12 iliyovutwa na kukabidhi, na mgonjwa aliyebadilika dakika za mwisho, na mwenzako aliyechelewa. Mimi ugomvi wangu na zamu ndefu uko hapo, zinapangwa kana kwamba zitaisha kwa wakati.

Naiti sitaisemea sana, kila aliyekaa naiti mfululizo anajua. Niseme tu kwamba taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kazi ya usiku mwaka 2007 kwenye kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani kwa binadamu, na 2019 ikaipitia tena ikaiacha hapo hapo. Usiku lazima watu wafanye kazi, wagonjwa hawafungwi saa kumi jioni. Kinachobaki mikononi mwa mpangaji ni naiti ngapi zifuatane, na baada yake mtu anapewa siku ngapi za kurudi kuwa mtu.

Halafu kuna simu. Uko ofu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, namba ya wodi.

"Dada, habari za asubuhi, samahani sana, najua uko ofu..."

"Nani hajaja?"

"Wawili. Mmoja anaumwa, mmoja hapatikani kwenye simu. Niko peke yangu hapa na naiti wanataka kutoka."

Ukisema hapana unajua kabisa anayebaki na mzigo ni huyo anayekupigia, na kesho utakuwa wewe uliyekwama unayempigia yeye. Ukisema ndio, ile ofu haitarudi, utaambiwa "tutakulipa siku" na hiyo siku hutaiona. Wodi ambayo haina watu wa akiba imefanya siku za mapumziko za stafu wake ndio akiba, inakopa kwao kila wiki na hairudishi. Na kuna wengine hata hawapigiwi lakini hawapumziki, wanakaa na simu mkononi wakisubiri ilie. Ule utafiti mkubwa wa Ulaya ulioitwa NEXT, ulioanza 2002 katika nchi 10, ulimfuatilia nesi anayetaka kuacha kazi mapema, na moja ya mambo yaliyojitokeza wazi ni hili la kazi kuingia nyumbani: ratiba inavyozidi kugongana na familia ndivyo mtu anavyozidi kufikiria kuondoka na ndivyo anavyozidi kuchoka.

Watu wanapenda kusema manesi wanachoka kwa sababu kazi ni nzito. Ni nzito, ndio. Ila nimeona manesi wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, wanaobeba mambo mazito kuliko yoyote yaliyoko wodini, mgonjwa mmoja ana mashine nne, na wanakaa miaka, na nimeona manesi wa kliniki ya nje yenye kazi nyepesi wanaondoka mmoja baada ya mwingine. Kuna mtafiti anaitwa Robert Karasek, mwaka 1979 alitoa hoja ambayo kwangu imeeleza mambo mengi. Alisema kinachomchosha mtu na kumuumiza ni mahitaji makubwa ya kazi yakikutana na uwezo mdogo wa kuamua. Kazi ngumu ambayo una sauti ndani yake inakukuza, kazi ngumu ambayo kila kitu kimeamuliwa na mtu asiyekuwepo inakumaliza. Baadaye, mwaka 1988, Johnson na Hall wakaongeza la tatu, kwamba je una watu wa kukushika mkono au uko peke yako. Ukichukua hayo matatu ukaenda nayo wodini utaona maajabu. Yule nesi wa ICU anaamua mambo mengi mwenyewe pale kitandani, daktari anamsikiliza, na mwenzake yuko hatua chache. Wa kliniki anaambiwa aite namba inayofuata.

Kwa hiyo nikisikia menejimenti imeandaa semina ya "kuhimili msongo wa mawazo" nacheka kidogo. Nimehudhuria. Tulifundishwa kuvuta pumzi kwa pua tukihesabu, na mtoa mada alikuwa mtu mzuri sana sina neno naye, ila semina yenyewe ilipangwa siku ya ofu na waliotoka naiti walikuwa wamelala kwenye viti. Herbert Freudenberger alipoanza kuandika kuhusu kuchoka kazini kwa namna hii mwaka 1974, na Christina Maslach na mwenzake walipotoa kile kipimo chao mwaka 1981, walikuwa wanazungumzia watu wanaohudumia watu: uchovu wa moyo, kuwaona wagonjwa kama vitu, na kuhisi huna unalolifanikisha. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipoliingiza jambo hili kwenye toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa liliandika wazi kwamba ni jambo la kazini wala siyo ugonjwa, linatokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa vizuri. Kazini. Sasa unamfundisha nesi kuvuta pumzi wakati rosta iko vile vile, yani umemkuta mtu kabeba gunia mbili unampa ushauri wa namna ya kutembea.

Nirudi kwenye ile hoja ya saa za unesi wenyewe, maana hapa ndipo naona pamefichika zaidi. Saa nane mchana, toroli ya dawa. Unafika kabati la dawa za kufungia, ufunguo uko mfukoni mwa mwenzako aliyempeleka mgonjwa eksirei. Unaanza na zisizofungiwa. Antibayotiki ya kitanda cha saba haijapanda kutoka famasi, unapiga simu, haipokelewi, unashuka. Unarudi nayo, unataka kupima presha kwanza, mashine imeazimwa na wodi ya pili, unaifuata, unaipata, ile kitambaa yake ya kufunga mkononi haishiki tena kwa hiyo unaikandamiza na mkono mmoja. Unachanganya dawa ya unga, ndugu anakuuliza daktari anapita saa ngapi, unamjibu, simu ya mezani inalia, ni maabara wanasema sampuli ya asubuhi imeganda itolewe nyingine, daktari anatokea anataka faili la mtu ambaye siyo wako, unampa, unageuka kwenye toroli. Hii bomba la sindano ni la nani sasa?

Hiyo picha siyo ya siku mbaya. Anita Tucker na Steven Spear walichapisha mwaka 2006 kazi yao ya kuwafuatilia manesi wa hospitali wakiwa zamu, wakakuta kwa wastani nesi anakutana na kasoro 8.4 za mfumo wa kazi ndani ya zamu ya saa 8. Kila saa, moja. Dawa haipo, kifaa hakipo, taarifa haipo, mtu hayupo. Na kabla ya hapo, mwaka 2003, huyo Tucker na Amy Edmondson walikuwa wameshaandika kitu kinachouma zaidi baada ya kuangalia manesi katika hospitali 9: nesi akikuta kasoro anaiziba hapo hapo aendelee na mgonjwa, anaazima, anakimbia, anabuni, na kwa sababu ameiziba hakuna wa juu anayejua kwamba ilikuwepo, kwa hiyo kesho iko pale pale. Yule tunayemsifu kwamba ni mchapakazi, hakosi kitu, ana gozi za akiba amezificha droo ya chini, ndiye anayeuficha ubovu vizuri kuliko wote. Na ndiye anayechoka wa kwanza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, menejimenti inaona wodi inakwenda, inaona watu wanatosha.

Hata namna ya kugawana kazi ndani ya zamu ina mambo. Wodi nyingi zinagawa kwa kazi: wewe presha na joto wodi nzima, wewe dawa wodi nzima, wewe vidonda, wewe matandiko. Inaonekana ya haraka na watu wakiwa wachache inavutia. Mwaka 1960 mtaalamu wa saikolojia Isabel Menzies aliandika kuhusu hospitali moja ya kufundishia ya London, ambako yeye na wenzake waliitwa kwa sababu mfumo wa kuwapanga wanafunzi wa unesi ulikuwa unaelekea kuvunjika, na theluthi moja hivi ya wanafunzi walikuwa hawamalizi mafunzo, wengi wakiondoka wenyewe. Alichokiona ni kwamba hospitali ilikuwa imejipanga kwa namna ya kumkinga nesi asiumie na mateso ya mgonjwa: kazi zikakatwa vipande vipande ili nesi asikae na mgonjwa mmoja muda mrefu, mgonjwa akaitwa kwa namba ya kitanda au kwa jina la ugonjwa, kila uamuzi mdogo ukakaguliwa na kukaguliwa tena. Ikafika mgonjwa anaamshwa usingizini apewe dawa ya usingizi. Lengo lilikuwa kupunguza uchungu, matokeo yake kile kinachompa nesi raha ya kazi kikaondolewa pia, na wale wenye moyo ndio wakawa wanatangulia kutoka. Miaka zaidi ya 60 imepita na hiyo ya "ini kitanda cha nne" bado tunaisema kila asubuhi kwenye raundi.

Sisi tuliwahi kubadilisha tukagawana wagonjwa badala ya kazi, kila nesi na wagonjwa wake toka mwanzo wa zamu mpaka mwisho. Wiki za mwanzo zilikuwa vurugu tupu, toroli moja ya dawa inagombewa na watu watatu na waliozoea kuwa watu wa presha tu walinuna. Kilichotokea baadaye ni kwamba maswali ya ndugu yalipungua manake kila mmoja alijua wa kumuuliza, na nesi akikuambia "wa kwangu leo amekaa kitini" anakuambia huku anatabasamu. Ila niwe mkweli, hii haiwezekani ukiwa mmoja na wagonjwa 30. Hapo utagawa nini.

Ndio tunafika kwenye idadi, ambayo watu wengi wangeanza nayo. Linda Aiken na wenzake walichapisha mwaka 2002 utafiti wa hospitali za jimbo la Pennsylvania huko Marekani, na namba zake kila nesi angepaswa kuzijua kwa kichwa: kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa nesi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 unapanda kwa asilimia 7, uwezekano wa nesi kuchoka kabisa unapanda kwa asilimia 23, na wa kutoridhika na kazi kwa asilimia 15. Mgonjwa mmoja tu. Pale inchaji anaposema "ongeza huyu mmoja tu hatakusumbua".

California walipitisha sheria ya uwiano mwaka 1999, ikaanza kutumika 2004, na kuanzia 2005 wodi za kawaida zikawa nesi mmoja kwa wagonjwa wasiozidi 5. Hospitali zililia sana kwamba zitafungwa. Jimbo la Queensland huko Australia lilianza 2016 katika hospitali kadhaa za umma, nesi mmoja kwa wagonjwa 4 mchana na 7 usiku kwa wastani wa wodi, na tathmini iliyochapishwa 2021 ilikuta vifo vimepungua, wagonjwa wanaorudishwa hospitali hawakuongezeka kama walivyoongezeka kwenye hospitali nyingine, na siku za kulazwa zimepungua zaidi, na pesa iliyookolewa kwa hayo mawili ya mwisho ilikuwa zaidi ya mara mbili ya gharama ya kuongeza manesi. Kwa hiyo ile ya "hatuna bajeti" inataka kukaliwa chini na kupigiwa hesabu upya, manake manesi wachache nao wanalipiwa, kwa siku za kitanda na kwa kufundisha wapya kila mwaka.

Ila uwiano peke yake hautoshi. Unaweza kuwa na wagonjwa 5 na bado usijue kesho unaingia saa ngapi, na bado ufunguo wa kabati uwe eksirei.

Na mshahara? Mshahara ni jambo, sitaki kuwa yule mtu anayesema wito wito huku yeye kalipwa vizuri. Mtu akilipwa kidogo ataondoka, mwisho wa hadithi. Mwaka 1996 Johannes Siegrist alieleza vizuri kwamba mtu anaumia pale jasho analotoa halilingani na anachorudishiwa, na kwenye kurudishiwa aliweka pesa, heshima na uhakika wa kazi pamoja. Nimeona walioongezewa mshahara wakashukuru na wakaondoka mwaka huo huo, kwa sababu ile hela ilikuwa inalipia kukosa kila kitu kingine.

Ripoti ya hali ya uuguzi duniani iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2025 inasema kulikuwa na manesi milioni 29.8 duniani mwaka 2023, na pengo bado ni milioni 5.8. Wakubwa wakisoma hivyo wanawaza vyuo, tusomeshe wengi zaidi. Tusomeshe, sawa. Ila kuwaingiza wapya kwenye wodi zilizopangwa vile vile ni kutia maji kwenye pakacha.

Kilichonipa moyo mimi ni swali lililogeuzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Marekani ilikuwa na uhaba mkubwa wa manesi na kila mtu anauliza kwa nini wanaondoka. Akademia ya wauguzi ya huko ikauliza kinyume chake: ziko hospitali ambazo hawaondoki, kuna nini huko? Mwaka 1983 wakatoa ripoti yao, walizichunguza hospitali 163 wakapata 41 zinazovuta manesi na kuwashikilia, wakaziita sumaku. Na walichokikuta humo hakikuwa cha miujiza hata kidogo. Mkuu wa manesi alikuwa mtu anayeonekana na anayesikilizwa kwenye meza ya maamuzi, manesi wa wodini walikuwa na sauti juu ya kazi yao, ratiba zilikuwa na unyumbufu, stafu walitosha, na uhusiano na madaktari ulikuwa wa watu wanaoheshimiana. Na Uholanzi nako, tangu miaka ya 2006 na 2007, Jos de Blok na wenzake waliojenga shirika la uuguzi la Buurtzorg wamekuwa na timu za manesi wa majumbani wasiozidi 12 wanaojipangia wenyewe wagonjwa, zamu na nani aajiriwe, hakuna meneja wa timu. Mtu mzima amesomea kuokoa maisha, kweli anashindwa kujipangia Jumanne yake?

Nilipokuwa inchaji hatukuwa na uwezo wa kuongeza hata mtu mmoja. Tulichoweza ni vitu vya karatasi na makubaliano. Tuliweka daftari la maombi, kila mtu anaandika siku zake anazozihitaji kabla rosta haijaanza kuchorwa, na sherehe kubwa na sikukuu zinazunguka, uliyefanya mwaka jana mwaka huu unakaa nyumbani. Tukakubaliana jioni halafu asubuhi haipangwi, ikibidi basi mwenyewe akubali kwa mdomo wake. Rosta ikishabandikwa mwenye kuibadilisha ni wawili waliobadilishana na saini zao, mimi mwenyewe siruhusiwi kushika wino mweupe. Na daftari jingine la kasoro, kila kilichokosekana kinaandikwa saa na siku, mwisho wa wiki naenda nalo kwa matroni. Hilo la pili lilinigombanisha na watu, famasi walidhani tunawachongea.

Haikuwa pepo. Wapo waliojaza daftari la maombi kila wikiendi ya mwezi, na mpole wa wodi akawa anabaki na mabaki mpaka tukaweka kikomo cha maombi. Wakubwa nao walisikia wodi imetulia wakaona ndio pa kuchukulia mtu wa kuazimisha wodi nyingine, hilo lilinikera na mpaka leo linanikera. Ila simu za saa kumi na mbili zilipungua, na waliokuwa wanatafuta barua za uhamisho chini kwa chini nikaona wameacha kuulizia.

Siku hizi mdogo wangu wa kazi akiniambia ameitwa usaili mahali, namwambia aombe aonyeshwe rosta ya miezi mitatu iliyopita, ile iliyochorwachorwa ukutani, siyo ile safi ya kwenye kompyuta. Ahesabu jioni zinazofuatiwa na asubuhi. Aulize usiku nesi mmoja anakaa na wagonjwa wangapi, na swali hilo asimuulize afisa utumishi, amuulize nesi atakayemkuta koridoni. Aulize inchaji ana stafu gani waliokaa hapo zaidi ya miaka mitano. Na aulize siku mtu akiugua ghafla anaitwa nani, manake kwenye hilo jibu ndipo atajua kama wana watu wa akiba au wanachotaka ni namba yake ya simu.